Maana ya SIUPP: Leseni Iliyoshika Roho za Magazeti ya Indonesia

SIUPP ni ufupisho wa Surat Izin Usaha Penerbitan Pers, yaani leseni ya biashara ya uchapishaji wa magazeti, ambayo kila gazeti la Indonesia lilipaswa kuwa nayo kuanzia mwaka 1984. Ilitolewa na Waziri wa Habari, na ndiye aliyeweza kuifuta.

Kufungia magazeti hakukuanza na Rais Soeharto, ambaye serikali yake ndiyo iliyoleta leseni hiyo. Gazeti la Bataviasche Nouvelles, lililoanza kuchapwa Batavia (Jakarta ya leo) mwaka 1744, lilisimamishwa miaka miwili baadaye kwa amri ya wakuu wa Kampuni ya Kiholanzi ya Uhindi wa Mashariki. Mwaka 1931 serikali ya kikoloni ilitunga sheria iliyompa Gavana Mkuu uwezo wa kusimamisha gazeti bila kwenda mahakamani, na baada ya uhuru Soekarno, rais wa kwanza, naye hakuwa mpole: Mochtar Lubis, mhariri wa gazeti la kila siku la Indonesia Raya, aliwekwa kizuizini kwa miaka mingi hadi 1966.

Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria Na. 11, iliyotamka waziwazi kwamba magazeti hayatakaguliwa wala kufungiwa, isipokuwa kwamba katika kipindi cha mpito yangeendelea kuhitaji kibali cha Wizara ya Habari, na juu yake kikawapo kibali cha kupiga chapa kutoka kwa wanajeshi wa usalama. Mpito huo ulichukua miaka 16. Baada ya ghasia za Jakarta za Januari 1974, magazeti kadhaa yalinyang'anywa vibali, Indonesia Raya likiwamo, na Januari 1978 Kompas na mengine sita yalisimamishwa kwa wiki mbili hivi, yakarudi baada ya kukubali masharti.

Sheria Na. 21 ya 1982 ilileta leseni ya biashara badala ya kibali, na kanuni ya Waziri ya 1984 ikaeleza namna ya kuipata na namna ya kuipoteza. Hapo ndipo penye ujanja wote. Ahadi ya kutofungia gazeti ilibaki kwenye sheria, lakini Waziri alipofuta SIUPP alidai kwamba hajafungia gazeti lolote, ameiondolea kampuni leseni tu. Mwombaji alihitaji kuungwa mkono na vyama vya wachapishaji na waandishi vilivyotambuliwa na serikali, na wafanyakazi walipaswa kumiliki angalau asilimia 20 ya hisa. Sharti hili la mwisho linasikika kama hisani kwa wafanyakazi, ila kwa maoni yangu lilimfanya hata mwandishi wa kawaida awe na mali ya kupoteza. Mhariri aliyepigiwa simu kutoka wizarani hakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Gazeti la Sinar Harapan linaonyesha jinsi leseni ilivyofanya kazi. Oktoba 1986, wiki chache baada ya rupia kushushwa thamani, liliandika habari kwamba serikali inakusudia kufuta baadhi ya kanuni za uagizaji wa bidhaa, na mara moja likapoteza leseni. Miezi michache baadaye wafanyakazi wake wengi walirudi kazini, lakini katika gazeti lenye jina jipya, Suara Pembaruan, na leseni mpya.

Juni 1994 leseni ya jarida la Tempo ilifutwa, pamoja na zile za Editor na DeTik. Wakuu wa Tempo walimshtaki Waziri, wakashinda katika mahakama ya masuala ya utawala na katika rufaa, kisha wakashindwa katika Mahakama Kuu Kabisa mwaka 1996.

Soeharto alijiuzulu Mei 1998. Waziri wa Habari aliyefuata, Yunus Yosfiah, alilegeza masharti ya SIUPP, na magazeti mapya yakafurika mitaani. Sheria Na. 40 ya 1999 iliiondoa leseni yenyewe: anayetaka kuchapisha gazeti anatakiwa kuwa na kampuni au taasisi iliyosajiliwa kisheria, na anayeizuia kazi ya magazeti kinyume cha sheria hiyo anaweza kufungwa hadi miaka 2 au kutozwa faini isiyozidi rupia milioni 500.