Sinematografa anafanya nini hasa kwenye filamu?

Sinematografa, au DOP (director of photography) kama wanavyomwita kwenye seti, ndiye anayesimamia filamu itaonekanaje: mwanga, kivuli, rangi, kamera ikae wapi na isogee vipi. Wengi wanadhani ni kameramani tu, yule anayebonyeza kurekodi, kumbe kwenye projekti kubwa kamera inaweza kushikwa na opareta, fokasi ina msaidizi wake, taa zina fundi mkuu, na yeye DOP yuko kwenye monita anawaongoza wote hao. Dairekta anakuja na stori na anachotaka mtazamaji ahisi, halafu wanakaa pamoja kutafuta picha yake.

Kwa maoni yangu kazi yake kubwa ni mwanga, kuliko hata kamera yenyewe. Chukulia sini ya watu wawili wanaongea karibu na dirisha, kwenye filamu ni dakika 3 lakini kuishuti kunaweza kula siku nzima maana lazima warudie upande wa huyu, warudie upande wa yule, na jua halimsubiri mtu. Usipolidhibiti, ukija kuunganisha shoti unakuta mmoja ana jua la saa nne asubuhi usoni na mwenzake anamjibu kwenye giza la saa kumi na mbili jioni. Ndo maana DOP anaweza kuziba dirisha lote kwa kitambaa na kuweka taa kubwa iigize jua, na akipanga vizuri huwezi kujua kabisa.

Halafu kuna lenzi. Uso uleule ukiupiga kwa karibu na 24mm, yaani lenzi pana, pua inajitokeza na vitu vya nyuma vinaonekana viko mbali. Rudi nyuma, weka 85mm, lenzi ya kuvuta, mpaka uso ujae fremu vilevile, sura inatulia na vya nyuma vinaonekana vimesogea karibu. Mwigizaji hajabadilisha kitu ila wewe unamuona mtu tofauti.

Mfano ninaoupenda sana ni Barry Lyndon ya 1975. Dairekta Stanley Kubrick na DOP wake John Alcott walitaka sini za usiku ziwashwe kwa mishumaa, lenzi za kawaida zikashindwa, wakatumia lenzi za Zeiss za f/0.7 (namba hiyo ikiwa ndogo, lenzi inafunguka zaidi) zilizotengenezwa kwa ajili ya NASA, shirika la anga la Marekani. Zinapitisha mwanga mwingi ajabu ila fokasi inakuwa nyembamba mno, mwigizaji akiinama kidogo tu uso unatoka kwenye fokasi, kwa hiyo ilibidi waigizaji watulie wasisogee sana, na ukiangalia ule utulivu unaendana kabisa na watu wa enzi ile. Alcott alipata Oscar.

Na kazi haiishi siku ya mwisho ya kushuti, maana DOP anatakiwa awepo hata wakati wa kurekebisha rangi. Projekti nyingi zinamuacha hapo ili kubana bajeti na mimi naona wanakosea sana, kwa sababu kivuli alichokiacha makusudi mtu mwingine anaweza kukiona kosa akakiangaza.