Je, wajua kwa nini mgeni akipewa maikrofoni huharibikiwa kwenye kiitikio?

Kwenye harusi za Mombasa jambo hili huonekana sana. Taarab imekolea, mjomba wa bwana harusi ainuka kwenda kumtuza mwimbaji, na noti ikishatoka mkononi apokezwa maikrofoni. Ubeti wa kwanza wapita salama, ukumbi mzima vigelegele. Kikifika kiitikio, sauti yapasuka. Watu husema hana sauti. Mara nyingi anayo; kilichomponza ni pale alipoanzia.

Mwanamume mtu mzima akizungumza, sauti yake hutetema takriban mara 110 kwa sekunde. Ya mwanamke karibu mara 200. Mjomba ameukuta wimbo njiani, na ufunguo, yaani kimo cha sauti ambacho wimbo mzima umejengwa juu yake, umewekwa kwa mwimbaji wa kike. Sehemu ya chini ya sauti ya mwanamke kwake ni katikati, ndiyo maana ubeti haukumtaabisha. Kiitikio mtunzi hukipandisha makusudi, na hapo ndipo nafasi inapomwishia. Akishuka oktavo nzima, yaani aimbe wimbo uleule kwa mitetemo nusu, maneno humezwa na ngoma. Akilazimisha, anapiga ukelele.

Anayejianzishia mwenyewe ana mtego wake. Hofu hukaza misuli ya shingo, koo hupanda, na sauti hupanda nalo. Kelele za ukumbi nazo humfanya mtu apaze sauti bila kujijua, na kupaza huko huvuta ufunguo juu zaidi. Kwa hivyo aliyezoea kuimba bafuni hujikuta ameanza hatua mbili tatu juu ya pale alipozoea. (Hatua moja ni kutoka kitufe kimoja cha kinanda hadi kinachofuata, na vyeusi vikihesabiwa.)

Mfano mashuhuri ni wa mchekeshaji Roseanne Barr, aliyeimba wimbo wa taifa wa Marekani kabla ya mchezo wa besiboli huko San Diego tarehe 25 Julai 1990. Wimbo ule una hatua 19 kutoka sauti ya chini kabisa hadi ya juu kabisa. Kwa asiyefunzwa, hiyo ni karibu sauti yake yote. Akianza juu kidogo tu, kileleni hafiki. Baadaye Barr mwenyewe alieleza kwamba alianza juu mno. Uwanja ulimzomea, na Rais George H. W. Bush akamlaani hadharani. Mwanariadha Carl Lewis naye aliimba wimbo huohuo mwaka 1993 kabla ya mchezo wa mpira wa kikapu, na sauti ikamvunjikia ulipopanda.

Waliofaulu walifanya nini? Waliimba kidogo. Barack Obama, tarehe 19 Januari 2012 katika ukumbi wa Apollo, New York, aliimba mstari mmoja tu wa wimbo wa mwimbaji Al Green, naye Al Green yumo ukumbini. Yoon Suk Yeol, wakati huo rais wa Korea Kusini, aliimba mistari ya mwanzo ya wimbo wa mwimbaji Don McLean ikulu ya Marekani Aprili 2023, na ukumbi ukasimama kumshangilia. Yoweri Museveni alipata njia nyingine kabla ya uchaguzi wa Uganda wa 2011: hakuimba, alighani mashairi ya kienyeji, watayarishaji wakayatilia mdundo. Kughani hakudai ufunguo, hudai mapigo tu, na kwa mwanasiasa mwenye kushika mapigo ni chaguo zuri kuliko kuimba.

Kuna tatizo la pili, nalo ni kutojisikia. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Spika ikiwa mita 34 kutoka kwa mwimbaji, sauti yake humrudia imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Asiyezoea huisubiri. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, huko ni kuchelewa moja ya tano ya pigo. Mpiga ngoma aenda, yeye abaki nyuma, na baada ya mistari miwili kila mmoja ana wimbo wake. Dawa ni kuweka spika ndogo miguuni pake, imwelekee usoni. Isipokuwepo, na azibe sikio moja kwa kidole: sauti yake itamfikia kupitia mifupa ya kichwa, bila kuchelewa.

Kuhusu ufunguo, anayeweza kumwokoa mjomba ni mpiga kinanda. Wimbo wa mwanamke ukiimbwa na mwanamume hushushwa kwa kawaida hatua 5 hadi 7. Kama muziki wote unatoka kwenye kinanda, kitufe kimoja cha kuhamisha ufunguo chatosha. Penye udi na fidla, mwenye kinanda asikibonyeze peke yake, maana atawaacha wenzake kwenye ufunguo wa zamani na mgongano wake ni mbaya kuliko sauti ya mjomba. Wapeane ishara, wahamie pamoja ala zinapopiga bila mwimbaji, ndipo mgeni aingie.

Naye asiifumbate maikrofoni kichwani kama waimbao rapu. Matundu ya nyuma ya kile kichwa ndiyo yanayoisaidia kuzuia sauti itokayo upande wa spika. Yakizibwa, huinyaka, spika huirudisha, na mluzi huanza. Ishikwe mpini, mbali na mdomo kiasi cha vidole viwili, na isogezwe nyuma kidogo kiitikio kinapopanda.