Koneksheni ya kocha kwenye besiboli ya vyuo vya Marekani, maana yake nini hasa

Kuna dada mmoja wa Tanga tunasali nae hapa Texas, kijana wake ni mashoto, anarusha besiboli tangu mdogo na sasa yuko darasa la 12, mwaka wa mwisho wa sekondari ya huku. Juzi kaniuliza kitu ambacho nimeshaulizwa na wazazi wengi wa kwetu: "Kaka, hivi watoto wa wenzetu wanaingiaje vyuoni kucheza? Nasikia kocha anapiga simu tu mambo yanaisha. Kwa hiyo na huku ni kujuana?"

Nikamwambia ndio ni kujuana, ila sio kule tulikokuzoea. Kwetu ukisikia fulani kapita kwa kujuana unajua hapo hapo kuna mwenye sifa kaachwa mlangoni na shemeji wa mkubwa kaingizwa. Huku kwenye besiboli neno linalokaribia zaidi ni udhamini. Kama ulishawahi kumdhamini mtu kwenye vikoba unaelewa naongelea nini, unaweka jina lako, yule akikimbia deni wewe ndo unafuatwa, na siku nyingine ukimleta mtu wako wanachama wanaanza kuangaliana. Kocha wa sekondari au wa timu ya kusafiri (timu ya nje ya shule ambayo wazazi wanailipia) anapompigia kocha wa chuo akasema "huyu kijana mchukue", anafanya jambo lile lile, anaweka jina lake. Hiyo ndio koneksheni ya kocha: uaminifu ambao kocha mmoja ameujenga kwa kocha mwingine kwa miaka, na anaukopesha kwa mchezaji.

Sasa kwanini chuo kihitaji simu ya mtu wakati kuna video, kuna mashine za kupima spidi? Fikiria hesabu yake. Divisheni 1, yaani ngazi ya juu ya NCAA ambacho ni chama cha michezo ya vyuo (na hii isichanganywe na divisheni za matokeo ya kidato cha nne) ina vyuo karibu 300 vyenye besiboli, na kila chuo kina kocha mkuu na wasaidizi wachache tu wa kuzunguka nchi nzima yenye maelfu ya sekondari. Kwenye mashindano makubwa ya majira ya joto, mfano yale ya kampuni ya Perfect Game kule Georgia, timu zinakuwa mamia na viwanja vinachezwa kuanzia asubuhi mpaka usiku. Msaidizi wa kocha anasimama nyuma ya wavu anaangalia kijana mmoja akirusha raundi mbili, na hapo hapo kuna wengine kumi wanacheza viwanja vingine ambao hatawaona kabisa. Kwa hiyo kabla hajapanda ndege anataka ajue anaenda kumwangalia nani, na huyo wa kumwambia ni mtu anayemwamini.

Alafu kuna vitu mashine haivisomi. Rada itakwambia kijana anarusha maili 88 kwa saa, sawa, lakini haitakwambia anafanya nini mwenzake akidondosha mpira rahisi nyuma yake, anarusha glovu chini au anaomba mpira mwingine na kuendelea. Kijana anayepata asilimia mia ya sifa sekondari akifika chuo anakuta kila mtu alikuwa nyota kwao, anakaa benchi mwaka mzima, sasa ataweza kukaa? Anaamka mwenyewe au mama ndio saa yake? Darasani je? Hayo ndio maswali yenyewe yanayoulizwa kwenye ile simu, na wazazi wengi wanadhani simu inahusu uwezo wa kurusha wakati uwezo wa kurusha kocha wa chuo ataenda kuuona mwenyewe. Nimekaa karibu na makocha wakiongea simu hizi, na mara nyingi kinachochukua muda ni tabia ya mtoto na tabia ya wazazi. Ndio, wazazi pia wanaulizwa! Kama wewe ni wa kumfokea mwamuzi toka jukwaani kila wiki, jua hilo nalo lina safari yake.

Na hawaulizi kocha wako peke yake. Kitu nachopenda kuwaambia watu ni kwamba shahidi mwenye nguvu kuliko wote ni kocha wa timu pinzani. Kocha wa chuo anampigia rafiki yake anamuuliza "mwaka huu nani kakusumbua?" na yule akitaja mtoto wa timu nyingine, mtoto ambaye hana faida yoyote kwake, hilo jina linaandikwa haraka. Kwa hiyo kijana wako kila anapocheza ana watu wawili wanaoweza kumdhamini, wa benchi lake na wa benchi la pili.

Hizi koneksheni zinatoka wapi? Nyingi zinatoka kwenye kufanya kazi pamoja zamani, mshahara mdogo, basi moja. Chukua chuo cha Clemson, South Carolina, chini ya kocha Jack Leggett. Pale wamepita wasaidizi Tim Corbin na Kevin O'Sullivan, na Erik Bakich nae akaanzia pale pale kazi ya ukocha. Corbin akaenda Vanderbilt akachukua ubingwa wa taifa 2014 na 2019, O'Sullivan akaenda Florida akachukua 2017. Bakich alimfuata Corbin Vanderbilt akawa msaidizi wake, baadae akapewa timu ya Maryland kisha Michigan, na fainali ya 2019 kule Omaha ikawa Vanderbilt ya Corbin dhidi ya Michigan ya Bakich, mwalimu na mwanafunzi wake. Sasa Bakich karudi Clemson kama kocha mkuu. Ukiuangalia huo mti unaelewa kwanini simu moja inafika mbali, maana watu hawa walishalala hoteli za bei rahisi pamoja, kila mmoja anajua mwenzake akisema "yuko vizuri" anamaanisha nini.

Kuna na sehemu nyingine za kukutania. Kila Januari chama cha makocha wa besiboli Marekani, ABCA, kinafanya mkutano wake na maelfu ya makocha wanahudhuria, wa vyuo, wa sekondari, wa watoto, masomo yanatolewa ukumbini lakini mengi yanaongelewa kwenye korido na kahawa mkononi. Alafu ligi za majira ya joto za wanachuo kama ile ya Cape Cod kule Massachusetts, timu kumi, wanatumia magongo ya mbao na vijana wanaishi kwenye nyumba za wenyeji. Kupata nafasi pale mchezaji anapelekwa na kocha wake wa chuo kwa mawasiliano hayo hayo. Kwa hiyo koneksheni haiishii kukuingiza chuo, inaendelea kufanya kazi ukiwa ndani.

Sehemu ambayo wazazi wa kwetu wanaumia nayo ni hii: kocha hawezi kukudhamini kwa ngazi usiyoifikia. Akimpigia rafiki yake wa Divisheni 1 kwa mtoto wa kiwango cha Divisheni 3, ngazi ya chini, yule rafiki atakuja mara moja, ataona, na mara ya pili simu haipokelewi, na watakaoumia ni watoto wa miaka mitano ijayo. Kwa hiyo kocha mzuri analinda jina lake, na ndio maana wakati mwingine anakataa kupiga. Mzazi anaona roho mbaya, kumbe ule ubahili ndio unaoifanya simu yake iwe na thamani. Na kila kocha ana upande wake, kuna mwenye marafiki kibao kwenye vyuo vya miaka miwili, yaani junia koleji, lakini hamjui mtu hata mmoja kwenye vile vyuo vya masomo magumu vya kaskazini mashariki, na mwingine kinyume chake. Divisheni 3 haitoi skolashipu za michezo kabisa ila vyuo vyake vingi vina misaada mizuri ya kimasomo, kwa hiyo mtoto mwenye alama nzuri anahitaji kocha anayejulikana huko.

Junia koleji watu wanazidharau bila sababu. Albert Pujols, aliyekuja Marekani na familia yake toka Dominikana akiwa kijana, alicheza Maple Woods kule Kansas City, akachaguliwa raundi ya 13 ya drafti (pale timu za kulipwa zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu) mwaka 1999 na akamaliza kazi na hom rani 703. Bryce Harper alipitia College of Southern Nevada kabla ya kuwa namba moja kwenye drafti ya 2010. Kocha wa junia koleji kazi yake kubwa ni hiyo, kuchukua vijana, kuwakuza mwaka mmoja au miwili, alafu kuwapigia simu makocha wa vyuo vya miaka minne.

Na miaka hii hizo simu zimekuwa na uzito zaidi maana nafasi zimebana. Kwa muda mrefu timu ya Divisheni 1 ilikuwa na hela ya skolashipu kamili 11.7 tu za kugawana kati ya wachezaji mpaka 27, ndio maana wengi walilipiwa robo au nusu ada. Kuanzia msimu wa 2025-26, baada ya ile kesi kubwa ya malipo ya wanamichezo kumalizika kwa makubaliano, vyuo vilivyojiunga na mpango mpya vinaweza kumlipia kila mchezaji, lakini kikosi kisizidi watu 34. Ongeza na potali ya uhamisho iliyoanza 2018, ambapo mchezaji wa chuo anaweka jina lake na vyuo vingine vinamchukua. Sasa kocha anachagua kati ya kijana wa miaka 18 asiyejulikana na mwanaume wa miaka 21 ambaye takwimu zake za chuo zipo, unadhani atamchukua nani bila mtu wa kumhakikishia? Pia kumbukeni tangu 2023 kocha wa Divisheni 1 haruhusiwi kuongea na kijana mambo ya usajili kabla ya tarehe 1 Agosti anapoingia darasa la 11, kwa hiyo ukimya wa kabla ya hapo usiwatie presha.

Koneksheni ina miguu pia, inahama. Brian O'Connor alipoondoka Virginia 2025 kwenda Mississippi State, baadhi ya wachezaji wake wakamfuata. Waliobaki kwenye hali kama hiyo wanakuta kocha mpya ambaye hakuwachagua. Ndio maana mtoto achague na chuo chenyewe, masomo na mji, asimchague kocha peke yake.

Je mtu asiye na kocha mwenye jina amekwisha? Hapana, na mfano tunao jirani. Dennis Kasumba wa Uganda alijulikana kwa video za mazoezi yake mtandaoni, akirukia matairi na vifaa vya kubuni, na 2023 akafika Maryland kucheza ligi ya wachezaji wanaosubiri drafti, ligi ya MLB (wenye ligi kuu ya besiboli ya kulipwa). Uganda hiyo hiyo ilishapeleka watoto wa Lugazi kwenye kombe la dunia la Little League, besiboli ya watoto, 2012, timu ya kwanza toka Afrika kucheza pale. Lakini ni wachache mno wanaobebwa na video, na hapa ndio roho inaniuma, kwa sababu mtoto wa mhamiaji anayecheza shule ndogo ambayo kocha wake ni mwalimu wa hesabu anayejitolea, anaanza nyuma ya mtoto ambaye wazazi wake wanalipa maelfu ya dola kwa mwaka kwenye timu ya kusafiri yenye makocha waliowahi kucheza chuo. Uwezo unaweza kuwa sawa kabisa. Kinachotofautiana ni nani atapokea simu.

Ndio maana huwa nawaambia wazazi kabla ya kutoa hela popote muulize kocha maswali mawili. La kwanza, vijana wako wa miaka mitatu iliyopita wameenda vyuo gani, na wangapi bado wako kwenye timu mwaka wa pili? Hilo la mwaka wa pili ndio linaonyesha kama alidhamini kwa ukweli. La pili, wangu unamuona wa ngazi gani leo hii? Mtu anayekwambia anawajua makocha 500 na atatuma barua pepe kwa wote, huyo anakuuzia orodha, na barua ya kutumiwa watu 500 haina jina la mtu ndani yake.

Yule dada alienda kuuliza. Kocha akamwambia wazi kwamba kwa Divisheni 1 hatapiga simu, mtoto anarusha maili 83 na mwili bado haujakomaa, ila kuna junia koleji mbili anazoziamini na moja kocha wake walicheza wote. Dada alikasirika siku mbili. Siku ya tatu akanipigia kuniuliza ile koleji iko umbali gani kwa gari, na kama Jumamosi naweza kuwasindikiza.