Tawi la kilo 5 na kofia ngumu

Nikifika mahali watu wanapogoa miti, simtazami kwanza aliye juu na msumeno. Namtafuta kibarua wa chini, yule anayevuta kamba na kukusanya matawi. Wa juu anajua tawi lipi linakatika sasa hivi. Wa chini ameinama, na ngurumo ya mashine inameza sauti ya kumwonya.

Tupige hesabu. Tawi la mwembe la kilo 5 likidondoka kutoka mita 10 linamfikia mtu kwa mwendo wa karibu kilomita 50 kwa saa, likiwa na nishati ya jouli 490 hivi. Kofia ngumu ya kiwango cha Ulaya, EN 397, hupimwa uwezo wa kupunguza kishindo kwa kuangushiwa uzito wa kilo 5 kutoka mita 1 tu, yaani jouli 49. Tawi limezidi kipimo mara kumi! Kofia ivaliwe, tena ifungwe kidevuni, maana anayetazama juu hudondosha kofia isiyofungwa. Lakini haimpi mtu kibali cha kusimama chini ya mti. Kwangu utepe wa kuzungushia eneo la hatari una thamani kuliko kofia: hakuna kuingia mpaka wa juu azime msumeno na kuitikia kwamba njia ni salama.

Kofia iliyokwisha kupigwa kwa nguvu itupwe, hata kama haionyeshi ufa. (Najua mabosi hawapendi kusikia hili.)

Lililo gumu zaidi kuwaeleza watu ni saa zinazofuata. Mtu kapigwa, kazimia kidogo, kaamka, kanywa chai, anasema yuko sawa. Huenda mshipa karibu na panja, kati ya jicho na sikio, umepasuka, na damu inajikusanya polepole kati ya fuvu na utando wa ubongo. Saa chache baadaye kichwa kinamuuma kupita kiasi, anatapika, anasinzia ovyo, anachanganya maneno, mboni moja inakuwa kubwa kuliko nyingine.

Aliyezimia hata dakika moja apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na aliyeshuhudia aandamane naye, kwa sababu daktari atauliza alizimia muda gani na mwenyewe hatakumbuka. Njiani asipewe aspirini, kwani huongeza kutoka damu. Kama ameanguka kutoka mtini, asinyanyuliwe kienyeji kwa mikono na miguu. Shingo nayo ichukuliwe kuwa imeumia mpaka ipimwe.