"Kaka, mbona hakijanitisha?" Dhana potofu kuhusu riwaya za mizimu

Wiki hii mara ya tatu. Mteja anarudi na kitabu, anakiweka mezani kwa nguvu, "kaka ulisema cha mizimu, mbona nimelala fofofo, nirudishie hela yangu." Nauza vitabu vya mtumba miaka mingi na hii kauli bado inanipandisha presha, kwa hiyo naandika leo, akija mwingine namtumia tu asome.

Dhana: riwaya ya mizimu isiyokunyima usingizi ni mbovu.

Ukweli: nani kawaambia? Zipo zilizoandikwa zikutoe jasho na zipo nyepesi, zile mwandishi anakusimamisha vinyweleo kidogo, anakuchekesha, anakurudisha tena gizani, na hajashindwa kukutisha, ndo alivyotaka mwenyewe. Mchukue Mohamed Said Abdulla wa Unguja, mwandishi wangu namba moja na sibishani na mtu. Mzimu wa Watu wa Kale ilishika nafasi ya kwanza kwenye mashindano ya uandishi ya 1957-58, ikatoka kitabu 1960. Mtu anakutwa ameuawa mzimuni, yaani pale pale watu wanapotambikia, halafu anaingia mpelelezi, Bwana Msa, na kiko chake, hana papara, anauliza vijiswali ambavyo unaona kabisa havina maana. Wewe msomaji moyo unakwambia mzimu huo, Bwana Msa anakwambia ngoja kwanza. Utamu wote uko hapo katikati, na anayekaa anasubiri kushtuliwa anapapita mbio kama daladala imejaa.

Wengine wananiletea la pili, eti kama mwisho mambo yanaelezeka kwa akili basi woga wote ulikuwa feki. Jamani. Ann Radcliffe kule Uingereza alifanya hivyo hivyo kwenye The Mysteries of Udolpho mwaka 1794, ngome nzima milio na vivuli halafu baadaye anakueleza kilikuwa nini, na watu walimgombania. Tena kwenye makala yake iliyotoka 1826, yeye ameshafariki, aliitenganisha hofu ya kitu usichokiona vizuri, ambayo anasema inaikuza roho na kuiamsha akili, na kitisho cha kuonyeshwa kila kitu, ambacho kinaigandisha. Sasa mteja wangu anadai agandishwe halafu lawama napewa mimi! Na ukijua Abdulla alianza kazi kama mkaguzi wa idara ya afya, baadaye akahariri gazeti la Mkulima, unaelewa kwa nini Bwana Msa haogopi mzimu mpaka aukague.

Dawa yangu ni hii na nawapa bure: usisome maneno ya jalada la nyuma, usichungulie mwisho, sura mbili tu kwa usiku, umeme ukikatika ndo vizuri zaidi. Anayemaliza kwa siku moja kwenye basi huku anachat asije kuniambia hakijamtisha.

Haya mengine haraka haraka. Kwamba ukisoma habari za majini unawaita nyumbani: mimi nalala na maboksi matano ya hivyo vitabu chumbani, wangekuwa wanakuja tungeshagawana kodi. Na anayesema hivyo ndo yule yule aliyekuwa anamganda bibi yake usiku amsimulie visa vya majini.

Kwamba hadithi za kutisha ni mambo ya wazungu: Kisima cha Giningi cha huyu huyu Abdulla kilitoka 1968, na Giningi kwenye masimulizi ya Unguja ndo makao ya wachawi, muulize mzee yeyote wa huko ni wapi uone kama atakutajia London.

Kwamba ni za watoto: M. R. James alikuwa msomi mkubwa wa Cambridge, bingwa wa nyaraka za kale, na hadithi zake za mizuka alikuwa anawasomea marafiki zake kwa sauti wakati wa Krismasi, watu wazima na ndevu zao. Jaribu na wewe kusoma kwa sauti, mwenzio asikilize, ni kitu kingine kabisa.

Kwamba ukishamjua muuaji kitabu kimekwisha: mi Mzimu nimeurudia mara nne, mara ya pili ndo nikaanza kuona mzee Abdulla alivyonichezea tangu mwanzo.

Na hela sirudishi. Kubadilisha nabadilisha, ila kurasa ziwe zote.