Kuogelea mtoni: yasemwayo Jinja, Uganda, na ukweli wake

"Anayezama atapiga kelele, tutamsikia."
Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, na methali yetu imeipa nguvu: mfa maji haachi kutapatapa. Kumbe mara nyingi hatapitapi hata kidogo. Mdomo unazama na kuibuka, pumzi ya kuvuta haipatikani, sembuse ya kuita watu. Mikono inakandamiza maji ubavuni, haipungi. Aweza kutoweka kabla dakika haijaisha, na wenzake wako hatua kumi wanapiga soga. Basi kabla hamjavua nguo, chagueni mmoja abaki ukingoni, simu mfukoni, macho majini. Mpeni kamba ndefu iliyofungwa kwenye jerikeni tupu ya lita 20, kifuniko kimekazwa. Amrushie anayezama, asimfuate. Mzamaji humkumbatia mwokozi wake wakaenda chini wote wawili.

"Hakujanyesha, mto hautajaa."
Mto Nile ukitoka Jinja hupita kwenye mabwawa ya umeme: Nalubaale na Kiira, kisha Bujagali, kisha Isimba. Bwawa likiachia maji, mto ulio chini yake hupanda huku jua linawaka. Mito ya milimani nayo huleta mvua ya kwingine. Nyamwamba wa Kasese hupokea maji ya Rwenzori. Ulifurika Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, ukaharibu makazi ya watu. Maji yakibadilika rangi ghafla au yakianza kuleta vijiti na majani, tokeni.

"Najua kuogelea, mkondo haunishindi."
Ukishindana nao utachoka wewe. Lala chali, miguu itangulie, ukate kwa mshazari kuelekea ukingo. Usijaribu kusimama kwenye maji ya kasi: mguu ukinaswa kati ya mawe, mkondo utakulaza kifudifudi.

"Maji yanayotembea hayana kichocho."
Konokono wanaokieneza hupenda kingo tulivu zenye majani, yaani papo hapo tunapoingilia na kutokea, na mkondo huwachukua mabuu mbali zaidi. Mabuu hayo hupenya ngozi isiyo na kidonda kwa dakika chache, na huwa mengi zaidi karibu na adhuhuri, saa ileile tunayopenda kuoga. Kujifuta kwa taulo si kinga ya kutegemea. Wapo wanaomeza prazikwanteli, dawa ya minyoo ya kichocho, kesho yake wakaridhika, lakini dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, michanga husalimika. Kwa hiyo hutolewa wiki 6 hadi 8 baadaye. Andika tarehe uliyoingia majini, uipeleke kituo cha afya.

"Mamba angekuwepo tungemwona."
Hapana. Hukaa chini ya maji kimya, na kiboko vilevile. Chini ya maporomoko ya Murchison usiingie kabisa. Kwingineko, muulize mvuvi: "Shikamoo mzee, watoto wenu huoga hapa?" Akisita kujibu, fungasheni mtafute mahali pengine.