Kuacha kazi ya dukani ukiwa huna nyingine: weka haya sawa kabla hujatoka

Kazi yangu ni kusimamia madai ya wafanyakazi hapa Arusha, na wengi wanaonifuata wametoka madukani: makeshia wa supamaketi, wauzaji wa vifaa vya ujenzi, wadada wa maduka ya nguo na simu kuanzia Soko Kuu hadi Barabara ya Sokoine, vijana wa stoo. Mara nyingi wananifikia wakiwa wameshatoka. Walichoka, siku moja wakavua sare, wakaiacha juu ya kaunta, wakaenda zao. Kazi nyingine hawakuwa nayo. Nyumbani wameshasemwa vya kutosha, na wanapokaa mbele yangu unaona kabisa wanasubiri na mimi niwaseme.

Siwasemi. Mtu anayesimama kutwa, siku sita kwa wiki, huku kila shoti ya droo, yaani hela inayopungua, ikikatwa kwenye mshahara wake, anaujua mwili wake kuliko mimi. Ninachokipigania ni namna ya kutoka. Miezi yako ya kwanza bila mshahara itategemea sana karatasi ulizoandika, ulizosaini na ulizokataa kusaini ukiwa bado mle ndani, na hapo ndipo watu wanapoteza haki zao kila siku.

Anza na saa zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, yaani siku sita na si zaidi ya saa tisa kwa siku. Zinazozidi ni ovataimu, na kila saa inalipwa mara moja na nusu. Hata kwa makubaliano, ovataimu haipaswi kupita saa 50 ndani ya wiki nne.

Chukua keshia anayelipwa 260,000 kwa mwezi. Gawa kwa siku 26 za kazi, siku yake moja ni 10,000. Gawa mshahara huo huo kwa saa 195 za mwezi, saa yake ni kama 1,333, na saa ya ovataimu ni 2,000. Sasa duka linafunguliwa saa mbili asubuhi, linafungwa saa mbili usiku, naye anapumzika saa moja tu mchana. Hizo ni saa 11 kwa siku, 66 kwa wiki. Zimezidi 21. Kila wiki anadai 42,000, na kwa mwezi inapita 180,000. Huyu mtu anafanya kazi ya mtu mmoja na nusu na analipwa ya mmoja, halafu anajilaumu kwamba ni mvivu kwa sababu Jumapili nzima analala.

Nimeona wenzetu waliopiga hesabu hiyo, wakaenda kwa bosi na daftari mkononi, wakapangiwa zamu na uchovu ukapungua. Wengine waliambiwa kama hawataki waondoke. Vyovyote itakavyokuwa, piga hesabu kabla ya kuandika barua. Anza leo kuandika muda wa kuingia na kutoka, piga picha ratiba ya zamu iliyobandikwa stoo, tunza meseji za meneja anayekuita siku yako ya mapumziko. Na usiniambie huna mkataba. Sheria inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi, na asipofanya hivyo, ni yeye atakayebanwa kuthibitisha mlikubaliana nini. Meseji za mshahara kuingia kwenye simu yako kila mwezi ni ushahidi mzuri tu.

Halafu shoti. Hili linanikera kuliko yote. Duka linahesabu mzigo, inaonekana pungufu ya laki nne, na watu wanne waliokuwa zamu wanakatwa laki moja moja bila swali. Sheria hairuhusu hivyo. Ili mwajiri akukate kwa hasara, ni lazima hasara itokee ukiwa kazini na kwa kosa lako wewe. Akueleze kwa maandishi chanzo, kiasi na alivyokokotoa, na akupe nafasi ya kupinga. Jumla ya makato hayo isizidi robo ya mshahara wako. Kwa yule keshia wetu robo ni 65,000. Aliyekatwa laki moja ndani ya mwezi mmoja amekatwa kinyume cha sheria hata kama hela ilipotea kweli.

Kama kinachokusukuma ni mwili, yaani miguu inavimba, mgongo hauinuki, usingizi umepotea, nenda kwa daktari kabla ya kwenda kwa meneja. Katika kila mzunguko wa miezi 36 una haki ya siku 126 za likizo ya ugonjwa: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Unachotakiwa kupeleka ni cheti cha daktari. Inaniuma kukutana na mtu aliyeandika barua ya kuacha kazi akiwa bado anahudhuria kliniki Mount Meru, na siku zote hizo hakuzigusa kwa sababu hakuna aliyemwambia zipo.

Tuje kwenye barua. Dada mmoja alinijia na nakala yake kwenye simu. Alikuwa amekatwa mshahara miezi miwili mfululizo kwa mzigo uliopotea stoo, sehemu ambayo hata ufunguo hakuwa nao. Nikamuuliza aliandika nini.

"Nimeandika vizuri, dada. Sijamtukana mtu."

Nikasoma. Barua ilisema anaacha kazi "kwa sababu zangu binafsi", inashukuru kwa ushirikiano mzuri na inaitakia kampuni mafanikio mema. Aliichukua kwa rafiki yake, naye rafiki aliichukua kwa mtu mwingine. Tulipoanza kudai, karatasi ya kwanza upande wa mwajiri kuitoa mezani ilikuwa hiyo hiyo.

Sheria yetu inatambua kwamba mwajiri anaweza kufanya kazi isivumilike mpaka mfanyakazi akaondoka mwenyewe, na hilo likithibitika linahesabiwa kuwa ameachishwa na mwajiri. Ila ni dai gumu. Utaulizwa ulilalamika lini, kwa nani, na kwa nini hukusubiri majibu. Barua yenye sababu binafsi na shukrani inakufungia mlango huo kwa mkono wako. Kama kweli unaondoka kwa sababu binafsi, iandike hivyo na iishie hapo. Kama unaondoka kwa sababu ya makato, matusi au saa, lalamika kwanza kwa maandishi, hata kwa WhatsApp, mpe mwajiri siku kadhaa za kujibu, kisha barua yako iseme ukweli kwa sentensi chache:

"Natoa notisi ya siku 28 kuanzia leo. Siku yangu ya mwisho kazini itakuwa tarehe fulani. Naacha kazi kwa sababu tangu mwezi fulani nimekatwa mshahara kwa upungufu wa stoo bila maelezo ya maandishi. Nililalamika kwa maandishi tarehe fulani na sijajibiwa. Naomba stahiki zangu zilipwe siku ya mwisho."

Toa nakala mbili, moja isainiwe na aliyeipokea, na tarehe. Wakikataa kusaini, ipige picha na uitume kwa simu ya meneja ili ibaki na saa yake.

Kuna barua nyingine ya kuogopa zaidi: ile unayoamriwa uandike. Bosi anakuita, anafunga mlango, anasema ama uandike barua ya kuacha kazi ama aende polisi kwa ajili ya shoti. Usiandike. Mwambie kwa heshima kwamba kama anakuachisha, akupe barua yeye. Tofauti ni kubwa mno. Aliyeachishwa baada ya kufanya kazi miezi 12 mfululizo ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi, labda awe ameachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu. Aliyeacha mwenyewe hana. Aliyepoteza ajira akiwa amechangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, miezi 18 au zaidi anaweza kuomba fao la kukosa ajira, ambalo ni theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Aliyeacha kwa hiari hapewi. Kwa hiyo ile karatasi moja ya "andika tu yaishe" inaweza kukunyima hela ya kula ya nusu mwaka.

Notisi ni siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, na siku saba kama bado uko kwenye mwezi wako wa kwanza kazini. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki ni siku nne. Mkataba unaweza kutaka zaidi, usome. Wenye mkataba wa muda maalumu wasome mara mbili, maana kuukatisha katikati kunaweza kukuletea madai. Notisi haiandikwi ukiwa likizo wala haihesabiwi pamoja na likizo, kwa hiyo ule ujanja wa kuchukua likizo na kutorudi haukusaidii. Ukigoma kufanya kazi siku za notisi, mwajiri anaweza kukata mshahara wa siku hizo kwenye stahiki zako. Na ukitoweka tu zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa, umempa kosa la nidhamu la kukuandikia.

Siku ya mwisho ndiyo ya kuwa makini kuliko zote. Keshia asikabidhi droo kwa mdomo. Hesabu hela mbele ya anayepokea, ilinganishe na ripoti ya siku ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, andikeni kiasi, wote wawili msaini, piga picha. Wa stoo ahesabu mzigo pamoja na anayechukua nafasi yake, aorodheshe na funguo. Simu ya "dada, kuna pungufu ya laki tatu" huja wiki mbili baada ya kuondoka, na asiye na karatasi hana cha kujibu.

Stahiki zako ni mshahara wa siku ulizofanya, ovataimu ambayo haikulipwa na malipo ya likizo ambayo hukuchukua. Likizo ya mwaka ni siku 28, na ile ya mwaka wa kazi ambao haujaisha inakokotolewa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Keshia wetu akiwa amefanya siku 130 tangu likizo yake ya mwisho, ana siku kumi, yaani 100,000. Likizo za miaka ya nyuma ulizoziacha zilale ni ngumu kuzidai. Kama uliajiriwa Same au Singida na ukaletwa kufanya kazi Arusha, kuna pia usafiri wako na mizigo yako kurudi ulikoajiriwa. Hilo linasahaulika sana. Na kabla ya yote, angalia taarifa ya michango yako NSSF. Kukuta umekatwa asilimia yako kila mwezi na hakuna kilichofika ni jambo la kawaida mno, na ni rahisi kulifuatilia ukiwa bado ndani.

Sasa kodi. Wenye nyumba wengi wa Sakina, Ngarenaro na Kwa Mrombo wanataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Usiondoke kazini mwezi ambao kodi inaisha. Lipa kwanza, halafu andika notisi. Mtu mwenye kodi ya miezi sita anaweza kutafuta kazi kwa akili tulivu hata akila ugali na mboga za majani. Mwenye akiba hiyo hiyo mfukoni na kodi imeisha atarudi kwenye kaunta yoyote atakayoikuta. Mkopo wa kikoba umalize, na kama umemdhamini mwenzako mwambie mapema. Mkopo wa mshahara wa benki nenda ukauzungumze kabla mshahara haujakatika.

Angalia pia kalenda ya mji wetu. Aprili na Mei mvua za masika zinanyesha, wageni wanapungua, hoteli na kampuni za utalii zinapunguza watu, na hao watu wanatafuta kazi zile zile unazozitafuta. Juni msimu unafunguka. Mwezi wa Desemba Moshi inajaa waliorudi nyumbani na maduka yanaongeza mikono. Notisi inayoisha mwishoni mwa Mei ina mantiki kuliko inayoisha mwishoni mwa Machi. Kama huwezi kusubiri kwa sababu unaumia, ondoka, kalenda isikufunge.

Kuhusu mzazi, mwambie kabla hajasikia kwa jirani, na umwambie ukiwa na tarehe na hesabu, si kwa simu ya saa nne usiku ukiwa unalia.

Ukishatoka, siku zinakwenda mbio. Dai la kuachishwa isivyo halali linapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Madai mengine kama ovataimu na makato ni ndani ya siku 60. Ofisi zipo Arusha na Moshi, kufungua shauri hakulipiwi, na linaanza kwa usuluhishi, mnakaa meza moja na mwajiri. Wapo walioniletea madai mazuri mwezi wa tano baada ya kutoka, tukalazimika kuanza kwa kuomba kuongezewa muda kabla hata ya kuzungumzia hela.

Na dai cheti cha utumishi. Ni haki yako hata kama umeacha mwenyewe, na kwa asiye na kazi nyingine ndicho kitu cha kwanza mwajiri mpya atakachouliza. Kiombe siku ya kulipwa, soma tarehe ya kuanza, ya kumaliza na cheo kilichoandikwa, na ukiletewa karatasi ya kusaini kwamba umelipwa vyote wakati bado unadai, andika pembeni ya saini yako "nimepokea sehemu" na kiasi ulichopewa.